Jembe, Pembe na Kitabu: Kuisoma Elimu ya Kujitegemea kutoka Gongoni

Mjadala wa falsafa ya elimu nchini Tanzania kwa kawaida huanzia Machi 1967, Mwalimu Julius Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea. Hoja inayokumbukwa zaidi ni kwamba shule ya kikoloni ilimtenga kijana na jamii yake na kazi za mikono, hivyo elimu na kazi viunganishwe. Mtu akiitafakari hoja hiyo akiwa Gongoni, mjini Tabora, atapata taabu kidogo. Hapa viliwahi kuungana, tena barabara, kabla ya skuli yoyote ya serikali.

Nazungumzia msafara. Katika karne ya 19 Tabora ilikuwa kituo kikuu kati ya Bagamoyo na Ujiji. Vijana wa Kinyamwezi waliteremka pwani na pembe za ndovu mabegani, wakarudi na vitambaa vya merikani na shanga. Njiani walijifunza Kiswahili, mizani, na namna ya kuzungumza na watemi waliodai hongo ya kupita njia. Aliyeiona bahari alirejea na hadhi. Stephen Rockel, katika Carriers of Culture (2006), anawaeleza wapagazi hao kama wafanyakazi wa ujira waliojua kugoma. Mimi ningewahesabu pia miongoni mwa wanafikra wa njia ile, ingawa kumbukumbu zimejaa majina ya wasafiri wa Kizungu kina Burton na Stanley.

Ila njia hiyohiyo ilimlea mfanyabiashara wa pembe na watumwa Hamed bin Muhammed, maarufu Tippu Tip, ambaye baba yake alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Biashara aliisomea safarini. Kabla hajafariki Unguja mwaka 1905, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu, na Heinrich Brode akayachapisha. Ni maandishi ya mtu mwenye akili kali: madeni, pembe, vita na ujanja wa soko vyote anavikumbuka, na mateka wanapita humo pasipo yeye kushtuka. Kwake kazi na maarifa havikutengana hata siku moja. Muungano huo haukumfundisha haki.

Mwalimu mwenyewe hakulisahau hilo. Kijitabu chake kinatanguliza usawa na heshima ya binadamu, ndipo kinafika shambani. Watekelezaji wengi walilishika shamba wakayaacha yaliyotangulia, na katika shule nyingi jembe likageuka adhabu ya wachelewaji.

Kuna jambo lingine, nalo linaipinga hoja ya 1967 kwa mfano wa mwandishi wake. Nyerere, mwana wa chifu Burito wa Wazanaki, aliingia Shule ya Serikali ya Tabora mwaka 1937. Hiyo ilikusudiwa wana wa machifu, ndiyo hasa elimu ya kutenga aliyokuja kuilaumu. Nadhani kule kutengwa kulimpa nafasi ya kuyatazama ya kwao kwa mbali kidogo. Akiwa Makerere, kabla ya kurudi Tabora kufundisha St. Mary's, aliandika insha iliyochukua hoja za John Stuart Mill kuhusu hali ya wanawake na kuzipima kwa jamii yake mwenyewe. Burito alikuwa na wake 22. Mama yake Nyerere alikuwa wa tano.