Gando la Kaa: Kutoka Gesi ya Vita Hadi Tiba ya Saratani



Mionzi ya atomiki hutajwa kwa hofu, na hofu hiyo ina sababu. Bomu lililoteketeza Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 lilitengenezwa kwa urani ambayo sehemu yake kubwa ilichimbwa Shinkolobwe, katika Kongo iliyotawaliwa na Ubelgiji. Jasho lilikuwa la Waafrika. Uamuzi haukuwa wao.

Hata hivyo, elimu ya vita huweza kugeuzwa kuwa tiba. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wataalamu wa Oxford walioongozwa na Rudolph Peters walitafuta kinga dhidi ya lewisite, gesi yenye sumu ya aseniki. Walipata molekuli inayoikamata aseniki kama gando la kaa, hata mwili ukaweza kuitoa. Mwaka 1949 Ernst Friedheim aliiunganisha molekuli hiyo na dawa ya aseniki, ikazaliwa melarsoprol. Dawa hiyo iliwaokoa wagonjwa wa malale hapa Uganda, ingawa yenyewe iliwaua baadhi yao.

Mwaka 1976 wakemia wa Ujerumani walieleza gando jipya liitwalo DOTA. Gando hilo hubana metali ya mionzi, kama vile lutetiamu-177, na kwa upande wa pili hufungwa kwenye kiungo kinachozitambua seli za saratani. Hivyo mionzi hufikishwa kwenye uvimbe wenyewe, na sehemu yake kubwa haipenyi zaidi ya milimita 2 hivi. Gando likilegea, metali hukimbilia mifupani na kuudhuru uboho. Ndiyo maana ubunifu wake hauruhusu uzembe. Marekani iliidhinisha dawa ya namna hii mwaka 2018.

Je, hayo yanatuhusu nini? Mwaka 2016 mashine ya kobalti ya Mulago, ambayo wakati huo ndiyo iliyokuwa pekee ya tiba ya mionzi nchini, iliharibika. Wenye uwezo walikwenda Nairobi. Wengi walibaki wakisubiri. Mkulima wa Mbarara na mkimbizi wa Nakivale walipata fundisho moja: tiba haikamiliki maabarani.

Lutetiamu haiwekwi ghalani. Kila siku ipitayo hupoteza karibu sehemu 1 kati ya 10 ya nguvu zake. Kwa hiyo askari aliyeko kizuizini ni sehemu ya tiba hiyo. Sanduku lenye alama ya mionzi na hati halali likicheleweshwa, mgonjwa ndiye anayeumia. Likikosa hati, lisifunguliwe. Eneo lilindwe, na wataalamu waitwe mara moja.

Bunduki hulinda mpaka. Maarifa humlinda anayeilinda bunduki. Askari anayejua analolilinda hulilinda vema zaidi.