Zahanati ya Zamani Zanzibar: Jengo la sadaka lenye funzo kwa Kasulu na Kibondo

KATIKA wilaya za Kasulu na Kibondo mkoani Kigoma, swali la nini kifanyike na majengo yanayoachwa limejitokeza mara kwa mara. Kambi ya Mtabila wilayani Kasulu, iliyohifadhi wakimbizi kutoka Burundi, ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2012, na eneo lake baadaye likawa kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Kambi ya Nduta wilayani Kibondo nayo iliwahi kufungwa, kisha ikafunguliwa tena Oktoba 2015 baada ya wimbi jipya la Warundi kuvuka mpaka.

Majengo ya misaada yana udhaifu mmoja: aliyeyajenga huondoka. Mfano unaoonyesha jambo hilo kwa uwazi, pamoja na njia ya kulinusuru jengo la aina hiyo, uko mbali na Kigoma, katika barabara ya Mizingani, Mji Mkongwe wa Zanzibar. Ni jengo linalojulikana kama Zahanati ya Zamani.

Nadhiri ya tajiri

Jiwe la msingi la jengo hilo liliwekwa mwaka 1887, wakati wa sherehe za miaka 50 ya utawala wa Malkia Victoria wa Uingereza. Aliyeliweka ni Tharia Topan, mfanyabiashara wa asili ya Kihindi aliyekuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Zanzibar na mshauri wa Sultani. Kusudio lake lilikuwa hospitali ya kuwatibu maskini bila malipo.

Hata hivyo, Topan hakuishi hadi kuiona nadhiri yake ikitimia. Alifariki dunia nchini India mwaka 1891, na ujenzi ulikamilika mwaka 1894. Mwaka 1900 jengo liliuzwa kwa wasimamizi wa mali ya mfanyabiashara mwingine wa Kihindi. Ghorofa ya chini ikawa zahanati, na ghorofa za juu zikageuzwa kuwa nyumba za kuishi.

Hivyo ndivyo wagonjwa walivyopata huduma iliyokusudiwa, ingawa kwa mikono ya watu wengine.

Kuporomoka na kuokolewa

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, zahanati ilikosa wenyewe. Roshani za mbao zenye nakshi, vioo vya rangi na ua wa ndani vilianza kuharibika. Mwaka 1990 jengo lilikodishwa kwa Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, ambao ulilikarabati katika miaka ya 1990 na kulifanya kituo cha utamaduni.

Ukarabati wa jengo la namna hiyo una masharti yake. Kuta za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti. Chokaa huruhusu unyevu kutoka ukutani. Saruji ikipakwa juu yake huufungia unyevu na chumvi ndani, na ukuta huoza polepole huku kwa nje ukionekana mzima. Kwa sababu hiyo, kazi huhitaji waashi na maseremala wanaozijua mbinu za zamani, na hutangulia paani, kwa kuwa maji ya mvua ndiyo adui wa kwanza.

Gharama ya kuchelewa imeonekana jirani kabisa na hapo. Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit al Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka na kuua watu wawili. Jumba hilo lilikuwa limekaa miaka mingi katika hali mbaya, na liliporomoka likiwa katika ukarabati.

Maswali ya kujibiwa mapema

Majengo ya nyanda za juu za Kigoma ni ya aina nyingine: matofali, saruji na bati. Lakini mvua za huko hunyesha kwa miezi mingi ya mwaka, na bati lililong'oka halisubiri kikao. Jengo likikaa wazi kwa misimu michache, ukarabati hugeuka kuwa ujenzi mpya.

Historia ya Zahanati ya Zamani inaonyesha mambo matatu yanayopaswa kuamuliwa kabla ya rangi kupakwa. La kwanza ni mmiliki halali, kwa kuwa jengo lisilo na mwenyewe halina wa kulitengeneza. La pili ni matumizi. Zahanati, darasa au ukumbi wa vijana kila kimoja kina mahitaji yake ya maji, choo na nafasi. La tatu ni nani atakayelipia matengenezo ya kila mwaka mfadhili akishaondoka.

Katika hilo la tatu, mpango wa mwaka 1900 bado unafaa kuangaliwa. Jengo linalotoa huduma chini na kupangishwa juu linaweza kujipatia fedha za kutunza paa lake. Halmashauri au taasisi ya dini inayopokea jengo kuukuu mjini inaweza kutenga vyumba viwili vya duka upande wa barabara, kodi yake ikaingizwa katika akaunti ya matengenezo pekee, na vyumba vilivyobaki vikabaki vya huduma kwa wasio na uwezo.