Mpishi wa Ubongo na Moshi wa Zebaki (Sehemu ya 4)

Mama wa Kahama, wa Katoro, wa Rwamagasa, leo tunauliza: nani anaulisha ubongo wa mwanao?

Ubongo wa mtu mzima ni kama asilimia 2 tu ya uzito wake, ila unakula karibu asilimia 20 ya nguvu za mwili. Wa mtoto wa miaka 5 unakula karibu nusu!

Mwaka 1856 daktari Mjerumani, Rudolf Virchow, alikipa jina kitu kilichojaa kati ya seli za neva: glia, yaani gundi. Miaka ya 1870 Camillo Golgi wa Italia akaona baadhi ya seli hizo, zenye umbo la nyota, zimenyoosha miguu hadi kwenye mishipa ya damu. Kumbe zinafuata chakula. Mwaka 1994 Luc Pellerin na Pierre Magistretti, huko Uswisi, wakapendekeza kwamba seli hizi huchukua sukari kwenye damu, huiandaa, kisha huipakulia neva. Wataalamu bado wanabishana neva hupata kiasi gani kwa njia hiyo, ila habari ya gundi tu imekwisha. Seli hizo pia hufagia kemikali ambazo zikizidi huua neva.

Sasa njoo nyumbani. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa 1966, ila wachimbaji wadogo wapo mpaka leo, na wengi hukamata dhahabu kwa zebaki. Ikichomwa, mvuke wake huingia mapafuni, hufika kwenye ubongo, na kwa mjamzito huvuka kondo hadi kwa mtoto. Zebaki hujikusanya kwenye hao hao wapishi na kuwazuia kufagia. Mwaka 2003 watafiti waliwapima watu wa Rwamagasa, na baadhi ya wachomaji wakakutwa wameshadhurika.

Japani ilishaona haya. Kule Minamata, kuanzia 1956, zebaki ya kwenye samaki ilidhuru watoto wakiwa bado tumboni. Mkataba wa dunia wa 2013 kuhusu zebaki umepewa jina la mji huo, na Tanzania imeuridhia.

Kwa hiyo mama, dhahabu isichomewe jikoni wala uani. Baba akitoka mwaloni, abadili nguo kabla ya kumbeba mtoto. Ukiwa mjamzito, kaa mbali kabisa na moshi ule. Kunyonyesha usiache kwa hofu. Njoo kliniki kwanza tuongee.

Mtumie na jirani yako.