Nani Huzaa Kazi: Mwenye Kiwanda au Mnunuzi?

Mara nyingi tunaambiwa kwamba kazi huletwa na tajiri. Yeye ndiye mwenye mtaji, yeye hujenga kiwanda, yeye huajiri; basi wengine wote wamshukuru na wanyamaze. Usemi huu una chembe ya ukweli, na ndiyo maana unapotosha. Historia ya viwanda vya magari nchini Marekani inatusaidia kuuchambua.

Mwaka 1908 kampuni ya Henry Ford ilianza kuuza gari la Model T kwa dola 850 hivi. Mwaka 1913, katika kiwanda cha Highland Park, gari lilianza kusogezwa mbele ya wafanyakazi, kila mmoja akisimama mahali pake na kurudia tendo lile lile. Muda wa kuunganisha chasisi ulishuka kutoka zaidi ya saa 12 hadi saa moja na nusu hivi. Lakini kazi hiyo ilichosha mwili na akili, na wafanyakazi wakaikimbia. Katika mwaka huo mmoja kampuni iliajiri watu zaidi ya 50,000 ili ibaki na wafanyakazi 14,000 hivi.

Januari 1914 Ford alitangaza ujira wa dola 5 kwa siku ya saa 8, karibu maradufu ya ule wa awali. Tusidanganyike: haikuwa huruma. Karibu nusu ya fedha hiyo ilitolewa kwa masharti, na wakaguzi wa kampuni waliingia majumbani kuchunguza mienendo ya wafanyakazi.

Wala si kweli kwamba kiwanda kilistawi kwa kuwauzia wafanyakazi wake wenyewe. Watu 14,000 hawawezi kununua mamia ya maelfu ya magari kila mwaka. Wanunuzi walikuwa wakulima, makarani, mafundi na wenye maduka madogo, yaani tabaka la kati. Bei iliposhuka chini ya dola 300 katikati ya miaka ya 1920, wengi wao waliweza kununua. Kila gari lilidai chuma, mpira, kioo, mafuta, barabara na gereji. Kazi nyingi zilizaliwa nje kabisa ya lango la Ford.

Hata hivyo, msingi wa soko hilo ulikuwa dhaifu. Bei za mazao zilikuwa zimeporomoka tangu 1920, sehemu kubwa ya faida iliwaendea wachache, na magari mengi yalinunuliwa kwa mkopo. Mwaka 1929 Marekani iliunda magari zaidi ya 5,000,000. Mwaka 1932 yalikuwa 1,300,000 hivi. Mitambo ilikuwa ile ile, na mafundi wale wale. Kilichokosekana ni mnunuzi mwenye fedha. Machi 1932 wasio na kazi waliandamana hadi kiwanda cha Ford huko Dearborn. Wakapigwa risasi na kadhaa wakauawa. Sheria ya 1935 iliyolinda vyama vya wafanyakazi, na ile ya 1938 iliyoweka kima cha chini cha senti 25 kwa saa, zilipatikana baada ya mapambano, si kwa hisani.

Je, mahitaji peke yake yatosha? Tanzania ina jibu lake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wananchi walipanga foleni ya sabuni na vitambaa. Wanunuzi walikuwapo, lakini viwanda vingi vilifanya kazi chini ya nusu ya uwezo wake kwa kukosa fedha za kigeni za kununulia vipuri na malighafi.

Kwa hiyo kazi ina wazazi wawili: uwezo wa kuzalisha na uwezo wa kununua. Mwenye mtaji huchangia ule wa kwanza. Wa pili umo katika mshahara wa mfanyakazi na bei ya zao la mkulima. Kada anayeletewa mpango wa kiwanda aulize maswali mawili. Mashine zitalishwa nini? Na bidhaa zitanunuliwa na nani, kwa kipato gani? Anayepunja mshahara na bei ya mazao kwa jina la kuvutia ajira anaikata ajira hiyo mizizi.