Msumeno wa mnyororo kwa kuni za nyumbani: angalia haya kabla ya kulipa

Kwa kuni za nyumbani hapa Makwale, hatushauri msumeno mkubwa wa wapasua mbao. Bapa la inchi 14 hadi 16 linatosha kwa mikakao iliyozeeka na matawi ya miembe, na mikono haichoki haraka.

Mwambie muuzaji auwashe. Akiachia mafuta, mnyororo usimame. Kisha auzungushe tena na kusukuma mbele kinga iliyo juu ya mshikio: hiyo ndiyo breki, na mnyororo usimame papo hapo. Usiposimama, usinunue. Ncha ya bapa ikigusa gogo, msumeno huweza kuruka usoni, na hapo breki ndiyo kinga yako.

Uliza kama mnyororo, plagi na tupa ya kunolea vinapatikana Kyela mjini, usije ukavifuata Mbeya.

Petroli huchanganywa na oili ya 2T kwa kipimo cha kitabu cha mashine. Kikisema 50 kwa 1, ni mililita 20 kwa lita moja. Bila oili hiyo, injini hufa.

Kabla ya kukata, hata mti wako mwenyewe, ulizia kibali ofisi ya misitu ya wilaya.