Lita Nne za Dawa: Historia ya Kusafisha Utumbo Mpana wa Wagonjwa Wazee kabla ya Kolonoskopi, 1969–2014

Mwaka 1969, William Wolff na Hiromi Shinya walipoanza kuondoa vinyama vya utumbo mpana kwa kolonoskopi jijini New York, namna ya kuusafisha utumbo huo ilikuwa bado ile ya zamani. Mgonjwa alishinda siku kadhaa kwa vinywaji vyepesi, akanywa mafuta ya mbarika au sena, kisha akapigwa bomba. Kwa mzee, ambaye aghalabu huchelewa kuhisi kiu, siku hizo zilikuwa adhabu kabla ya tiba.

Katika miaka ya 1970 yalijaribiwa maji ya chumvi kwa wingi kupitia mpira wa puani. Utumbo ulisafika, ila sehemu ya maji na chumvi ilifyonzwa mwilini, jambo la hatari kwa mwenye moyo dhaifu. Manitoli nayo ilichachushwa na bakteria ikazalisha gesi. Ripoti ya 1979 ilieleza mlipuko uliomuua mgonjwa wakati kinyama kikikatwa kwa umeme.

Mwaka 1980 Glenn Davis, John Fordtran na wenzao walichapisha mchanganyiko wa polietilini glikoli na chumvi, uliopita tumboni karibu bila kufyonzwa wala kunyonya maji ya mwili. Usalama ulipatikana. Gharama yake ilikuwa lita 4 zenye ladha mbaya, ambazo baadhi ya wagonjwa walishindwa kuzimaliza.

Kwa hiyo fosfeti ya sodiamu, iliyopimwa na Vanner na wenzake mwaka 1990, ilipokewa kama ukombozi: mililita 90 tu! Si haki kuwalaumu walioipokea hivyo. Hata hivyo, mwaka 2005 Glen Markowitz na wenzake walieleza wagonjwa 21 ambao figo zao ziliharibiwa na fuwele za kalsiamu na fosfeti baada ya kuinywa. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 64, na wengi walitumia dawa za shinikizo la damu. Desemba 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali. Wepesi wa dozi ulikuwa umepimwa mapema kuliko figo za wazee.

Lita zilirudi, safari hii zikiwa zimegawanywa. Mwongozo wa Marekani wa 2014 uliagiza nusu ya pili ianzwe saa 4 hadi 6 kabla ya kipimo, na imalizwe angalau saa 2 kabla yake. Kwa mzee aliyepangiwa kipimo cha asubuhi, maana yake ni kuamka usiku wa manane na kwenda msalani gizani mara kwa mara, pengine akiwa peke yake.