Tathmini ya mazingira katika upangaji wa barabara nchini Malawi

Tathmini ya mazingira katika hatua za awali za upangaji wa usafiri ni uchunguzi wa athari za barabara au reli kwa maji, udongo, misitu na watu, unaofanywa kabla njia haijachaguliwa. Tathmini ya kawaida ya mradi huja ramani ikiwa imekwishachorwa na fedha zimetengwa. Kazi yake hubaki kuelekeza mitaro ichimbwe vipi na miti ipandwe wapi.

Malawi ilitunga Sheria ya Usimamizi wa Mazingira mwaka 1996. Sheria mpya ya 2017 iliunda mamlaka ya kulinda mazingira, MEPA. Mpango Mkuu wa Usafiri wa Taifa unahusu miaka ya 2017 hadi 2037, na mpango wa aina hii ndio mahali pa kuuliza maswali mazito, kwani kuhamisha njia kwenye karatasi ni rahisi kuliko kuhamisha lami.

Lilongwe inaonyesha kwa nini maswali hayo yaulizwe mapema. Mji hunywa maji ya Mto Lilongwe, ambao chanzo chake kiko katika msitu wa Dzalanyama, unaokatwa kwa ajili ya kuni na mkaa. Barabara inayorahisisha kufika msituni hugusa bomba la mjini, ingawa iko mbali nalo. Anayepima ukanda wa kandokando ya barabara peke yake hataliona hilo.

Afrika Mashariki ina funzo la gharama ya kuchelewa. Mpango wa barabara ya kukatiza kaskazini mwa Serengeti ulifikishwa mahakamani Arusha mwaka 2010, na Juni 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki ikaizuia Tanzania kujenga barabara ya lami ndani ya hifadhi hiyo. Hoja ya njia mbadala inayopita kusini mwa hifadhi ilistahili kupimwa mezani kwa wapangaji tangu mwanzo, si baada ya mvutano.

Nchini Malawi, tathmini ya mapema inapaswa kuwaona watu pia. Makazi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, takriban kilomita 45 kutoka Lilongwe, yalifunguliwa 1994 kwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo yana zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Idadi hiyo inamaanisha mahitaji ya kuni, maji, na safari za kwenda sokoni na hospitalini. Wengi huenda kwa miguu, kwa minibasi au kwa kabaza, yaani baiskeli au pikipiki za kubeba abiria. Hesabu ya magari pekee huwaacha nje. Nayo mashimo ya changarawe yanayochimbwa kwa ajili ya barabara na kuachwa wazi hujaa maji msimu wa mvua na kuzalisha mbu karibu na nyumba.

Zaidi ya hayo, wakimbizi hawana uhuru kamili wa kutembea nje ya kambi, hivyo mkutano wa maoni unaofanyika Lilongwe huwafungia mlango. Ushirikishwaji wa kweli unadai mkutano ufanyike Dzaleka kwenyewe, kwa Kiswahili, Kirundi na Kinyarwanda pamoja na Kichewa, wakati njia bado inaweza kubadilishwa.